Nani mwenye .io?

Najua nimepotea kidogo, kazi zimenibana. Leo sitaandika juu ya programu mpya wala simu mpya. Leo ni historia, ingawa imeanza na kazi ya kompyuta kama kawaida yangu.

Nilikuwa namtengenezea tovuti mama mmoja mwenye nyumba ya wageni kule Mji wa Kale, Mombasa. Kazi ndogo tu: picha za vyumba, bei, na fomu ya mgeni kujiandikisha kabla hajafika. Ndani ya fomu kuna mahali pa kuchagua nchi uliyozaliwa. Sasa, mtu yeyote anayeandika programu anajua kwamba orodha ya nchi haiandikwi kwa mkono. Tunanakili ile ya shirika la viwango la kimataifa, ISO 3166, yenye majina 249, kila jina na herufi zake mbili. Kenya ni KE, Tanzania ni TZ, Uganda ni UG. Nikaibandika ile tafsiri ya Kiswahili, nikamtumia aione. Akaishuka polepole kwa kidole kwenye simu yake, kisha akanipigia.

"Mwanangu, hii Eneo la Uingereza katika Bahari Hindi ndiyo nchi gani? Iko katika bahari yetu hii hii na mimi siijui?"

Nikamwambia ni visiwa, kuna kambi ya jeshi.

"Na watu wake?"

"Haina watu, Bi."

"Basi itoe. Nchi haina watu, mgeni atatoka wapi?"

Hoja yake ilikuwa sawa kabisa. Ni mstari mmoja wa msimbo na nusura niufute. Kilichonizuia ni zile herufi mbili kando ya jina: IO. Mimi nina tovuti yangu ndogo ya kuweka miradi ninayoifanya usiku, na anwani yake inaishia na .io. Nailipia kila mwaka kwa dola. Bila shaka nawe umewahi kutembelea moja. Kurasa za bure za GitHub ziko huko, michezo kadhaa ya kwenye kivinjari iko huko, na kampuni changa chungu nzima. Sisi wa fani hii tunaipenda kwa sababu I na O kwa Kiingereza ni kifupi cha data inayoingia na kutoka kwenye mashine. Lakini kikoa hiki, au domeini kama wengi wetu tunavyosema, hakikuundwa kwa ajili yetu. Ni cha nchi, kama vile .ke ilivyo ya Kenya. Na nchi yenyewe ndiyo hii ambayo mama wa Mombasa alitaka niifute kwa sababu haina watu.

Basi nikaiacha fomu nikaanza kusoma. Nilichokikuta ni kwamba kule kutokuwa na watu si hali ya visiwa hivyo. Kulitengenezwa ofisini, na kuliandikwa kwenye karatasi miaka kadhaa kabla hakujawa kweli.

Tuanze na ramani. Chagos ni visiwa vidogo vya matumbawe, kama 60 hivi, vilivyo katikati ya Bahari ya Hindi, kilomita 500 hivi kusini mwa Maldivi. Mauritius iko mbali nako zaidi ya kilomita 2,000 upande wa kusini magharibi. Kisiwa kikubwa kinaitwa Diego Garcia, na hata hicho ardhi yake haizidi kilomita za mraba 30 hivi. Kimejipinda kama kwato ya farasi, na ndani ya pindo lile kuna maji matulivu yenye kina, meli kubwa zinaingia. Kumbuka hayo maji, ndiyo yaliyoleta taabu.

Wafaransa, waliokuwa wanaitawala Mauritius, walianzisha mashamba ya minazi huko Chagos mwishoni mwa karne ya 18. Waliolima hawakuwa Wafaransa. Walikuwa watumwa waliotolewa Msumbiji na Madagaska. Na pwani yetu hii haikuwa mbali na biashara hiyo: mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka wa kupeleka Mauritius. Sisemi kwamba watu wa Kilwa ndio walioishia Chagos. Nasema soko lilikuwa moja.

Mwaka 1814 Mauritius na visiwa vyake vikaingia mikononi mwa Uingereza. Utumwa ukafutwa miaka ya 1830, watu wakabaki palepale, sasa wakiwa vibarua wa kampuni za mbata. Wakazaliana, wakazikana. Wakawa na Krioli yao, makanisa yao, nyumba na bustani na mbwa wa kuvulia samaki kwenye maji machache. Huko ndiko walikotokea Wachagosi. (Si Wachagga wa Kilimanjaro, usichanganye, ingawa nimeshachanganya mara mbili nikiandika makala haya.)

Sasa twende Lancaster House, London. Jina hilo Mkenya yeyote aliyesoma historia shuleni analijua. Ndiko katiba yetu ilikojadiliwa mwaka 1960, 1962 na 1963. Watu wa Pwani wanalijua kwa sababu nyingine pia, maana katika siku hizo hizo za mazungumzo ya 1963 ndipo lilipoamuliwa suala la Mwambao: ule ukanda wa maili kumi uliokuwa kwenye ramani chini ya Sultani wa Zanzibar. Tarehe 8 Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Muhammad Shamte walitia saini, ukanda ukawa wa Kenya. Wapo wazee Mombasa ambao hadi leo wana maneno yao juu ya saini hizo. Mimi siyaingilii hapa. Nayataja ili uone kwamba kuchora mpaka kabla ya uhuru lilikuwa jambo la kawaida katika nyumba ile.

Miaka miwili baadaye, Septemba 1965, ilikuwa zamu ya Mauritius. Kiongozi wao alikuwa Seewoosagur Ramgoolam. Uingereza ilikuwa tayari kuwapa uhuru, ila kulikuwa na mgeni wa tatu ambaye hakukaa mezani: Marekani. Wakuu wa jeshi la majini la Marekani walikuwa wanatafuta kisiwa katika Bahari ya Hindi cha kuweka kambi, wakawa wameipenda Diego Garcia na yale maji yake. Walitaka kisiwa ambacho hakitakuja kuwa chini ya serikali huru ya Kiafrika au ya Kiasia itakayowaambia siku moja waondoke. Kwa hiyo Chagos ilibidi imegwe kutoka Mauritius kabla bendera haijapandishwa.

Tarehe 23 Septemba 1965, asubuhi, Waziri Mkuu wa Uingereza Harold Wilson alikutana na Ramgoolam faraghani. Karatasi ambayo Wilson alikuwa ameandaliwa na msaidizi wake imekuja kujulikana baadaye. Ilimshauri amtishe Ramgoolam kwa kumpa matumaini: tumaini kwamba huenda akapata uhuru, na hofu kwamba huenda asiupate asipokuwa na busara kuhusu Chagos. Mimi nimewahi kujadiliana bei na wateja wagumu, lakini hiyo si majadiliano. Siku hiyo hiyo wajumbe wa Mauritius walikubali kimsingi. Walilipwa pauni milioni 3, pamoja na ahadi kwamba haki za uvuvi zitalindwa na kwamba visiwa vitarudishwa siku vitakapokuwa havihitajiki tena kwa ulinzi.

Tarehe 8 Novemba 1965 likazaliwa koloni jipya kabisa, wakati makoloni mengine duniani yanafungwa. Ndilo hilo eneo lenye herufi IO. Mwanzoni lilikuwa pia na visiwa vitatu vya Shelisheli, yaani Aldabra, Farquhar na Desroches, lakini hivyo vilirudishwa Shelisheli ilipopata uhuru mwaka 1976. Chagos haikurudishwa. Tarehe 16 Desemba 1965, yaani wiki tano tu baada ya kumegwa, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2066 la kuitaka Uingereza isiikatekate Mauritius. Halikusikilizwa. Mauritius ikawa huru tarehe 12 Machi 1968, bila Chagos.

Marekani haikulipa kodi ya nyumba. Badala yake Uingereza ilipunguziwa dola milioni 14 katika gharama za makombora ya Polaris, na jambo hilo likafichwa Bunge la Uingereza na la Marekani pia.

Sasa nifike kwenye kitu kilichonifanya niandike. Hati ya Umoja wa Mataifa, kifungu cha 73, inasema nchi inayotawala watu wasiojitawala ina wajibu kwao, na lazima itoe taarifa za hali yao. Kama eneo lina watu, kuna maswali. Kama halina, hakuna. Wenzangu waandishi wa programu mtaielewa haraka hii. Ni kama una programu yenye sharti: ikiwa idadi ya watu ni zaidi ya sifuri, fanya ukaguzi. Njia rahisi ya kuuruka ukaguzi ni kuandika sifuri kwenye data.

Ndivyo walivyofanya. Kwenye barua za ndani za serikali, maofisa walikubaliana kwamba Wachagosi wote waitwe vibarua wa mkataba, wapitaji tu, wenyeji wa Mauritius au Shelisheli. Mwaka 1970 mshauri wa sheria wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza aliandika bila kuficha kwamba kazi iliyopo ni kuiendeleza hiyo hadithi ya kubuni. Mwingine, mwaka 1966, aliwataja kwa kejeli kama akina Tarzan na akina Friday wa Robinson Crusoe, watu ambao asili yao haijulikani. Asili yao ilijulikana vizuri. Kulikuwa na rejista za ubatizo na makaburi ya vizazi.

Kisha ukweli ukalazimishwa ufanane na karatasi. Kuanzia 1967 aliyekwenda Mauritius kwa matibabu au kuona ndugu aliambiwa hakuna meli ya kurudi. Chakula na dawa vikapunguzwa. Mwaka 1971 ikatungwa sheria ya kukataza mtu yeyote kuishi huko bila kibali, na Diego Garcia ikasafishwa. Mbwa wa watu, mamia, walikusanywa ndani ya banda la kukaushia mbata wakauawa kwa moshi wa magari, mbele ya watoto waliokuwa wamewafuga. Nimelisoma hilo katika maelezo ya watu mbalimbali na kila mara ni hilo la mbwa wanaloanza nalo. Watu walisafirishwa kwa meli iliyoitwa Nordvær, na mara nyingine walilala juu ya shehena. Wa mwisho waliondolewa Peros Banhos mwaka 1973. Kwa jumla walikuwa kati ya 1,500 na 2,000. Wakateremshwa kwenye gati za Port Louis na Shelisheli, wengi bila nyumba, bila kazi, na ujuzi wao wote ulikuwa wa nazi.

Data sasa ilikuwa sahihi. Sifuri.

Fidia ilikuja kwa kuchelewa. Pauni 650,000 zilipewa serikali ya Mauritius mwaka 1972 na hazikugawiwa hadi mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1982 zikaongezwa pauni milioni 4, na waliopokea wakatakiwa kuweka kidole gumba kwenye karatasi za Kiingereza za kuacha madai yao. Wengi walisema baadaye kwamba hawakujua wanachokitia kidole.

Kesi zilifuata, na nitazipitia mbiombio maana ni ndefu kuliko treni ya mizigo. Olivier Bancoult, fundi wa umeme aliyeondoka Peros Banhos akiwa mtoto, aliishtaki serikali ya Uingereza na tarehe 3 Novemba 2000 Mahakama Kuu ya London ikasema kule kufukuzwa hakukuwa halali. Robin Cook, waziri wa mambo ya nje, akakubali uamuzi. Mwaka 2004 serikali ikaugeuza kwa amri ya Malkia, bila kupitia Bungeni. Wachagosi wakashinda tena 2006 na 2007, halafu tarehe 22 Oktoba 2008 majaji wa Baraza la Malodi wakawashinda kwa kura 3 dhidi ya 2. Mwaka 2010 bahari yote ya Chagos ikatangazwa hifadhi ya viumbe. Ni jambo zuri masikioni, lakini nyaya za kibalozi zilizovuja zilionyesha ofisa wa Kiingereza akiwaeleza Wamarekani kwamba hifadhi itawafanya wenyeji wapate shida kudai kurudi.

Hapo utaona ni ugomvi wa aina mbili, na watu huuchanganya. Wa kwanza ni wa dola na dola, Mauritius dhidi ya Uingereza: bendera ya nani? Wa pili ni wa Wachagosi: tutarudi lini, na nani atatuuliza? Mauritius iliusukuma ule wa kwanza kwa ustadi mkubwa. Juni 2017 Baraza Kuu lilipiga kura 94 kwa 15 kuipeleka hoja kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague. Septemba 2018 nchi moja moja zikasimama kuzungumza, Kenya ikiwemo, upande wa Mauritius. Rais wa mahakama alikuwa Msomali, Abdulqawi Ahmed Yusuf. Tarehe 25 Februari 2019 majaji 13 dhidi ya mmoja walitoa maoni yao: kumegwa kwa Chagos hakukutokana na matakwa huru ya watu, uhuru wa Mauritius haukukamilika kisheria, na Uingereza iondoke haraka iwezekanavyo. Miezi mitatu baadaye Baraza Kuu likaunga mkono kwa kura 116 kwa 6. Mwaka 2021 hata Umoja wa Posta Duniani, ukikutana Abidjan, uliacha kuzitambua stempu za eneo hilo. Stempu! Nilicheka, lakini ndivyo nchi inavyofutwa, kipande kwa kipande.

Na .io je? Sasa nirudi kwenye eneo langu.

Huko mwanzo wa intaneti, aliyekuwa anagawa vikoa vya nchi ni Jon Postel, Mmarekani mwenye ndevu kama nabii. Hakutaka kabisa kuwa hakimu wa nani ni nchi na nani si nchi. Katika waraka wake wa Machi 1994, RFC 1591, aliandika kwamba hiyo si kazi yao, wao wanafuata orodha ya ISO. Uamuzi wa busara wa kihandisi. Nami pia ningefanya hivyo. Lakini ISO nayo haiamui, inafuata Umoja wa Mataifa. Umoja wa Mataifa nao huorodhesha maeneo kama yanavyotawaliwa. Kwa hiyo saini za 1965 zikashuka ngazi kwa ngazi hadi zikafika kwenye seva, bila mtu yeyote njiani kuulizwa swali. Mwaka 1997 .io ikaanza kutumika, ikiendeshwa na kampuni ya Kiingereza iliyoitwa Internet Computer Bureau. Fikiria hilo: kikoa cha nchi, na wananchi wake wako Port Louis na Mahé, na wengine wengi baada ya 2002 wako Crawley, mji ulio karibu na uwanja wa ndege wa Gatwick. Aliyekuwa anauza majina wala hakuhitaji kuwajua.

Miaka kumi ya mwanzo haikuwa na soko la maana. Kisha sisi waandishi wa programu tukaigundua. Mwaka 2017 kampuni ile, yenye .io pamoja na vikoa vingine viwili vya visiwa vya Kiingereza, iliuzwa kwa kampuni ya Afilias kwa takriban dola milioni 70. Serikali ya Uingereza ilishaulizwa Bungeni mwaka 2014 kama inapata mapato ya .io, ikasema haipati. Wachagosi nao hawakupata. Mwaka 2021 kundi lao liliwasilisha malalamiko nchini Ireland likidai haki juu ya kikoa hicho. Hesabu yangu ya kulipia .io inaanza zamani kidogo kabla ya hapo. Nimeipiga, si pesa nyingi. Lakini ni kubwa kuliko walichopewa wao kutokana nayo.

Wengi wananiuliza, je, .io itazimwa? Jibu fupi: si kesho. Kikoa kinategemea herufi kubaki kwenye orodha ya ISO. Zikiondolewa, sheria za sasa za ICANN zinatoa miaka mitano ya kufunga duka, na inaweza kuongezwa hadi kumi. Historia ina mifano yote. Zaire ilipogeuka kuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 1997, .zr ilifungwa mwaka 2001 na .cd ikachukua nafasi. Yugoslavia iliyovunjika ilibaki na .yu hadi 2010. Lakini .su ya Muungano wa Kisovieti, dola iliyokufa Desemba 1991, ilikuwa bado inauza majina miaka zaidi ya 30 baadaye. Pesa nyingi zikishakuwa ndani, kufunga duka kunakuwa kugumu. Kama una biashara kwenye .io usilale na hofu, ila ukinunua leo jina la kampuni yako ya miaka 20, ningekushauri ununue na .co.ke pia.

Tarehe 3 Oktoba 2024 Uingereza na Mauritius zilitangaza kwamba zimeafikiana, na tarehe 22 Mei 2025 mkataba ukatiwa saini. Kwa upande wa Uingereza alikuwa Keir Starmer. Kwa upande wa Mauritius alikuwa Navin Ramgoolam, mtoto wa yule yule Ramgoolam wa 1965. Mkataba unasema Chagos yote ni ya Mauritius, Diego Garcia ikiwemo. Lakini Uingereza itaendelea kuiendesha Diego Garcia kwa miaka 99 kwa ajili ya kambi, ikilipa wastani wa pauni milioni 101 kwa mwaka. Mauritius inaruhusiwa kuwarudisha watu kwenye visiwa vingine, siyo Diego Garcia. Kuna mfuko wa pauni milioni 40 kwa ajili ya Wachagosi. Ni saini tu kwanza. Mkataba kama huo hauanzi kazi mpaka pande mbili ziuridhie, na kelele dhidi yake London na Washington hazikuisha siku ya saini.

Usiku wa kuamkia siku ile, wanawake wawili waliozaliwa Diego Garcia walikwenda kwa jaji wa London wakapata zuio. Walitaka kuulizwa. Hoja yao ilikuwa kwamba mazungumzo yote yamefanywa na serikali mbili, na Wachagosi wamesimama nje ya mlango. Zuio liliondolewa kabla ya jioni, saini zikawekwa. Wachagosi wenyewe hawana kauli moja. Bancoult na watu wake Mauritius waliukaribisha mkataba, wengi wa Crawley waliupinga, na wapo wanaotaka visiwa visiwe vya Uingereza wala vya Mauritius. Mimi nafurahi koloni kurudishwa, sitaficha. Hata hivyo nikisoma orodha ya waliokaa mezani mwaka 1965 na waliokaa mezani mwaka 2025, sioni Mchagosi katika yoyote.

Nikampigia mama wa Mombasa kumweleza kwa nini fomu yake imechelewa. Nilimsimulia yote, mbata na mbwa na herufi. Alinyamaza, nikadhani simu imekatika.

"Basi aliyezaliwa kule kabla ya kufukuzwa," akasema, "akija kwangu alale, kwenye fomu hii atachagua nini?"

Sikuwa na jibu. Mtu aliyezaliwa Diego Garcia mwaka 1960 alizaliwa katika koloni la Mauritius. Koloni hilo halipo. IO lilikuwa halijaundwa. Jamhuri ya Mauritius ilikuwa haijakuwepo. Uingereza? Hakuzaliwa Uingereza. Orodha yangu ya majina 249, safi kabisa, yenye kufuata viwango, haina mstari wake.

Sikuufuta mstari wa IO. Nilichofanya ni kuongeza kisanduku chini yake, "Mahali pa kuzaliwa, andika mwenyewe", herufi 80, bila ukaguzi wowote. Mama ameipitisha. Wiki ya kwanza mgeni mmoja kutoka Lamu ameandika humo jina la mtaa wake, na mwingine ameandika "hospitalini".